Kwenye laptopu inakubali, kwenye seva databesi inagoma

Dada, habari za majukumu. Mi ni kijana niko Morogoro, naandika programu kwa kujitegemea, na sa hivi nina kazi ya shule moja ya binafsi, mfumo wa ada, yaani mzazi akilipa mhasibu anaingiza, mfumo unatoa risiti na kumtumia mzazi meseji. Nimeujenga kwa Laravel (mfumo wa kuandikia programu za PHP) na databesi ya MySQL kwenye laptopu yangu ya Windows yenye XAMPP (kifurushi chenye PHP na databesi pamoja) na huku ulikuwa unaenda vizuri kabisa, mhasibu alikuja akaujaribu akaridhika, tukakubaliana niupandishe kwenye seva ili autumie ofisini na mkuu wa shule naye auone akiwa popote.

Nikakodi VPS ndogo, yaani seva ya mtandaoni, yenye Ubuntu (Linux) na RAM GB 1, nikaweka Nginx na PHP na MySQL, nikapandisha programu, na faili la .env, lile la mipangilio ya programu, nikalihamisha vilevile kama lilivyokuwa kwenye laptopu. Upande wa databesi liko hivi:

DB_HOST=127.0.0.1
DB_PORT=3307
DB_DATABASE=ada
DB_USERNAME=root
DB_PASSWORD=

Kufungua ukurasa nikakutana na SQLSTATE[HY000] [2002] Connection refused. Nikahisi shida ni hiyo 127.0.0.1, nikaitoa nikaweka localhost, lakini wapi, erori ileile, nikawasha upya seva nzima, bado ileile. Baadaye nikaendesha upya zile amri zangu zote za kupandisha programu ndo ikaja erori nyingine, SQLSTATE[HY000] [1698] Access denied for user 'root'@'localhost'. Hapo nikachanganyikiwa maana kwenye laptopu ni root huyohuyo na hana pasiwedi na anaingia.

Nikaingia kwenye video za YouTube. Moja inasema badilisha bind-address (anwani ambayo MySQL inasikiliza) iwe 0.0.0.0, yaani zote, nyingine inasema ruhusu poti 3306 kwenye ufw (fayawoli ya Ubuntu), nyingine inasema mpe root ruhusa ya kuingia kutokea popote kwa '%' halafu umwekee pasiwedi. Nikafanya zote. Ikakubali! Tena nikawa naiona databesi ya seva moja kwa moja toka kwenye laptopu kwa HeidiSQL (programu ya kuangalia databesi), nikashukuru Mungu.

Sasa tatizo jipya ni kwamba kuna siku mhasibu anafika kazini anakuta Connection refused imerudi, ananipigia, naingia naandika systemctl restart mysql, inakaa sawa, halafu siku nyingine tena. Nikifuatilia naona inaanguka alfajiri kwenye saa kumi na moja. Nilishuku ile kazi ya usiku inayotengeneza PDF za wanafunzi wote, lakini hiyo nimeipanga saa nane usiku, na nilikesha nikaangalia, saa nane mfumo uko hewani hauna shida yoyote. Rafiki yangu mmoja ananiambia hiyo hostingi ni mbovu nihame, mwingine ananiambia niweke Docker (ile ya kuendesha programu ndani ya kontena) mambo yataisha. Shule inakaribia kufungua, wazazi watalipa kwa wingi, na mhasibu anataka maelezo. Nihame? Na huyu mama wa watu nimwambie nini?

Msomaji wako, Morogoro

Majibu

Mdogo wangu, pole kwa kukesha, na asante kwa kuandika vizuri, maana umeniwekea .env yenyewe, umeniwekea erori na namba zake, na umenitajia hadi saa inayoanguka. Kwa barua hii naweza kukuonyesha nini kilitokea hatua kwa hatua, na nikwambie mapema tu kwamba usihame, seva yako haina ubaya.

Ila ukishachukua bakapu (amri yake iko mwisho wa barua hii), kabla ya mengine yote kuna kitu nataka ukifanye leo hii, hata kama mfumo uko hewani na hakuna anayelalamika. Ulipoweka 0.0.0.0 na kuruhusu 3306 na kumpa root ile '%', umeiweka databesi ya shule barabarani. Seva ikishakuwa na IP ya hadharani kuna maroboti yanaizungukia usiku na mchana yakijaribu poti (milango yenye namba) moja baada ya nyingine, 3306 yanajua ni ya MySQL, jina root yanalijua, kilichobaki ni pasiwedi tu na hiyo yanaijaribu bila kuchoka. Mwezi Januari 2017 databesi za MongoDB maelfu kwa maelfu zilizokuwa zimeachwa wazi namna hii zilifutwa, wenyewe wakaamka wakakuta ujumbe unaodai Bitcoin. Na wewe humo ndani una majina ya watoto na namba za simu za wazazi wao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ipo, zikivuja taarifa hizo atakayeulizwa kwanza ni shule, na shule itakuuliza wewe. Wanaofundisha kwenye video "fungua popote" hawamwambii mtu hili na linaniuma sana kwa kweli, maana anayeumia ni mzazi ambaye hata hajui MySQL ni nini.

Anza kwa kutengeneza yuza wa programu peke yake, ili root asiwe na kazi humo. Ingia kwa sudo mysql (au kwa ile pasiwedi uliyomwekea root) uandike:

CREATE USER 'ada_app'@'localhost' IDENTIFIED BY 'pasiwedi-ndefu-hapa';
GRANT ALL PRIVILEGES ON ada.* TO 'ada_app'@'localhost';
DROP USER 'root'@'%';
SELECT user, host FROM mysql.user;

Huo mstari wa mwisho utakuonyesha waliopo. Usishtuke ukiona mysql.sys, mysql.session, mysql.infoschema na debian-sys-maint, hao wanakuja na MySQL ya Ubuntu yenyewe. Ukiona jina lingine ambalo hukuliweka wewe, hapo usikae kuziba ziba, toa data, kodi seva mpya safi, hamishia huko, na ulinganishe malipo na vitabu vya mhasibu kabla ya kuendelea. Ukikuta pako salama, fungua /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf urudishe bind-address iwe 127.0.0.1, uwashe upya MySQL, halafu sudo ufw delete allow 3306. HeidiSQL hutaikosa, ina sehemu ya kuunganisha kwa kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva), ukiijaza utaona databesi kama kawaida na 3306 ikiwa imefungwa kwa dunia nzima.

Haya sasa turudi mwanzo.

Hizi erori watu wanaziona zote ni kitu kimoja, "databesi imegoma", wakati kila moja inasema jambo lake. Connection refused ni kama umefika nyumbani kwa mtu umebisha hodi na hakuna anayekaa humo, yaani kwenye anwani ile na poti ile hakuna programu inayosikiliza. Access denied ni umefika, mlinzi yupo, kakuangalia kitambulisho akakukataa. Kwa hiyo siku uliyotoka kwenye 2002 ukaingia kwenye 1698 ulikuwa umepiga hatua, umeshaipata MySQL, kilichobaki ni kutambulika tu, ila we ukaona mambo yameharibika zaidi ukaanza kufungua kila kitu. Kuna na Connection timed out, hiyo unangoja weee halafu inakata, mara nyingi ni fayawoli inameza maombi kimyakimya au umekosea IP. Kuna na 1049, Unknown database, hiyo umeingia vizuri ila jina la databesi halipo, wanaotumia cPanel (paneli ya kusimamia hostingi) wanakutana nayo sana maana kule jina la databesi linatanguliwa na jina la akaunti na mtu anaandika nusu tu.

Kwa nini ya kwanza ikawa refused? Angalia .env yako mstari wa pili, DB_PORT=3307. Kwenye laptopu, nadhani 3306 ilikuwa imeshikwa na kitu kingine ukahamishia XAMPP kwenye 3307, wengi wanafanya hivyo halafu wanasahau. Kwenye Ubuntu MySQL imekaa 3306, kwa hiyo programu yako ilikuwa inabisha hodi 3307 ambako hakuna kitu. Ni hiyo tu. Tungebadilisha tarakimu moja.

Na hapa ndo penye utamu, kwa nini localhost ilipokuja kuanza kutumika ikafika japo 3307 ilikuwa bado imekaa palepale? Kwa sababu kwenye Linux, PHP ikiona neno localhost kwa MySQL haipiti kwenye poti kabisa, inatumia faili la soketi (ambalo programu za mashine hiyohiyo zinaongelea), kawaida /var/run/mysqld/mysqld.sock, na poti uliyoandika inapuuzwa. Ukiandika 127.0.0.1 ndo inapita kwenye mtandao na poti inahesabika. Watu wanadhani localhost na 127.0.0.1 ni kitu kilekile wanabadilishana tu bila kufikiri, kumbe ni njia mbili tofauti, na ndo maana kuna wakati mtu anapata 2002 yenye maneno No such file or directory akashangaa faili gani tena wakati yeye anatafuta databesi, ni hilo faili la soketi ndo halikuonekana.

Halafu root akakataliwa. XAMPP inakuja na root asiye na pasiwedi kwa sababu ni ya kujifunzia kwenye mashine yako mwenyewe. Ubuntu haifanyi hivyo, kule root wa MySQL anaingia kwa auth_socket, maana yake MySQL inaangalia ni nani wa Linux anayeita, kama ni root wa Linux inamruhusu, kama ni mwingine haimruhusu hata aje na pasiwedi gani. Programu yako inaendeshwa na yuza mwingine wa Linux, www-data, basi ikakataliwa, na namba 1698 inasema hivyohivyo. Dawa yake ni huyo ada_app tuliyemtengeneza juu hapo.

Kwa hiyo .env ya seva iandike upya kwa ajili ya seva, usihamishe ya laptopu:

DB_HOST=127.0.0.1
DB_PORT=3306
DB_DATABASE=ada
DB_USERNAME=ada_app
DB_PASSWORD='pasiwedi-ndefu-hapa'

Hizo alama za kufunga na kufungua kwenye pasiwedi ziache, maana pasiwedi ikiwa na # bila hizo alama kinachofuata baada ya # kinachukuliwa kuwa ni maoni na kinatupwa, utakaa unaapa kwamba pasiwedi ni sahihi na kweli ni sahihi ila imefika nusu.

Sasa ile ya kubadilisha .env na hakuna kinachobadilika. Nina uhakika kwenye zile amri zako za kupandisha kuna php artisan config:cache. Hiyo amri inachukua mipangilio yote inaiandika kwenye bootstrap/cache/config.php, na tangu hapo Laravel haisomi .env tena, inasoma hilo faili, kwa hiyo hata ukiandika nini kwenye .env, hata ukiwasha upya seva nzima kama ulivyofanya, yeye bado anatumia 127.0.0.1 na 3307 za zamani. Ulipoendesha amri zote upya ndo keshi ikaandikwa upya na localhost ikaanza kutumika. Hili limewapotezea watu usingizi kuliko hata poti, kwa sababu unajaribu kitu sahihi, unaona hakijasaidia, unakitoa, unaenda kujaribu kisicho sahihi. Kila ukigusa .env malizia na php artisan config:cache, na kama una foleni za meseji zinazoendeshwa nyuma ongeza php artisan queue:restart maana nazo zimeshikilia mipangilio ya zamani.

Na kabla hujailaumu Laravel au kuibadilisha, jaribu kuunganisha nje yake, hapohapo kwenye seva:

sudo systemctl status mysql
sudo ss -tlnp | grep mysqld
mysql -h 127.0.0.1 -P 3306 -u ada_app -p ada

Ya kwanza inakwambia MySQL iko hai au haiko, ya pili inakuonyesha inasikiliza anwani gani na poti gani, ya tatu inaingia kwa jina na pasiwedi zilezile za programu. Hiyo ya tatu ikikubali na programu bado inagoma, basi shida iko kwenye .env au keshi, MySQL iache. Ikigoma, erori utakayoiona hapo ni ileile ila bila makorokoro ya Laravel, na unarekebisha kitu kimoja, unajaribu, ndo unaenda kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo ikakubali hutajua ni kipi kilikubali, na viwili vilivyobaki vinabaki vikiwa wazi kama ilivyokutokea.

Tuje kwenye alfajiri. Hapa ulikuwa karibu sana mdogo wangu, ile kazi ya PDF uliishuku vizuri tu, kilichokupoteza ni saa. Laravel ikiwa mpya saa zake ni UTC (saa za kimataifa), angalia kwenye config/app.php, na saa ya seva pia mara nyingi inakuja kwa UTC. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Wewe umeandika dailyAt('02:00') ukimaanisha saa nane usiku ya Morogoro, yeye akaelewa 02:00 ya UTC, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Ulikesha saa nane ukaona hakuna kitu kwa sababu kazi ilikuwa haijaanza.

Sasa kazi inaanza, inavuta wanafunzi wote kwa pamoja na kutengeneza PDF zao, na PHP ya terminali kwenye Ubuntu memory_limit yake ni -1, haina kikomo, tofauti na ya kwenye kivinjari. RAM yako ni GB 1 na MySQL yenyewe hata ikikaa tu inakula mamia ya MB. Memori ikiisha kernel ya Linux inaua programu moja ili mashine isife yote, na mara nyingi anayeuawa ni mwenye memori nyingi, ndo mysqld wako. Systemd (inayosimamia huduma za Linux) inajaribu kuiamsha lakini kama PDF bado zinakula memori inashindwa, mwisho inaiacha. Usiniamini kwa maneno, angalia mwenyewe:

sudo dmesg -T | grep -i "killed process"

Ukiona mstari wenye mysqld na muda wa alfajiri ile, kesi imekwisha. Pitia na /var/log/mysql/error.log, kama kuna Cannot allocate memory for the buffer pool ni MySQL ilikuwa inajaribu kuamka ikakosa nafasi.

Kurekebisha, kwanza kazi yenyewe, acha kuita wanafunzi wote kwa all() au get(), tumia chunkById kwa 50 50, kila PDF ikishaandikwa kwenye diski iachie, memori itabaki chini hata shule ikiwa na wanafunzi wengi kiasi gani. Pili weka swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) maana VPS nyingi ndogo zinakuja bila hiyo:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

na uongeze mstari wake kwenye /etc/fstab ili isipotee ukiwasha upya. Swap ni ya kuzuia kifo cha ghafla tu, mashine ikiishi kwenye swap inakuwa nzito sana, kwa hiyo kama baada ya kurekebisha kazi bado memori ni finyu, panda GB 2, hapo pesa itakuwa imetumika mahali pake. Tatu saa, kwenye ile kazi tu ongeza ->timezone('Africa/Dar_es_Salaam'). Usikimbilie kubadilisha timezone ya programu nzima sasa hivi kwa sababu malipo yaliyokwishaingia yamehifadhiwa kwa UTC, ukibadilisha ghafla risiti za zamani zitaonyesha saa 3 nyuma na mhasibu atakuwa na swali lingine juu ya lile la kwanza.

Kuhusu Docker, ni kitu kizuri na ipo siku utaihitaji, lakini haingetatua hata moja kati ya haya, memori ni ileile, saa ni ileile, na ingekuongezea jipya, kwamba ndani ya kontena 127.0.0.1 ni kontena lenyewe, kwa hiyo ungepata Connection refused nyingine mpaka uweke jina la sevisi ya databesi kwenye DB_HOST. Sasa hivi na shule inafungua, acha kwanza.

Mhasibu mwambie ukweli kwa lugha yake. Mwambie, mama, mfumo ulikuwa unazimika alfajiri kwa sababu kazi ya kutengeneza PDF ilikuwa inamaliza nguvu ya mashine, nimeigawa vipande vipande, na kwa wiki za mwanzo nitakuwa naangalia kila asubuhi kabla hujafika kazini. Na lile la databesi kuwa wazi mwambie pia, yeye na mkuu wa shule, lini ilifunguliwa, lini umeifunga na umekuta nini kwenye orodha ya mayuza. Najua ni zito kulisema kwa mteja wako, lakini data ni ya wazazi wao na wana haki ya kujua, na wakija kulisikia kwa mtu mwingine hapo ndo utakosa kazi kweli.

Usiku wa leo kabla hujagusa chochote nilichokuandikia, chukua bakapu uishushe hadi kwenye laptopu yako:

mysqldump --single-transaction -u root -p ada > ada.sql

Halafu ukiendesha ile dmesg na usikute mysqld humo, nitumie mistari ya mwisho ya error.log tuangalie tena.